Huwezi Kubisha Hodi Sharqiya

Naikumbuka Ijumaa moja hapa hapa Mayfair, mwanangu, nimekaa upande wa wanawake msikitini baada ya sala, machozi yananitoka na wala sijali nani ananiona. Nimeikumbuka leo kwa sababu yako. Umekuja na sanduku jipya la magurudumu, umekula sambusa zangu ukiwa umesimama, na nilipokuuliza unakwenda kufundisha wapi huko Omani, ukanijibu, "Dhofar, Mama Mkubwa. Sharp, hamna shida. Nikifika nitauliza." Halafu ukarudi kwenye simu yako. Basi iweke hiyo simu kidogo, Rahma. Chai ipo kwenye chupa, na ndege yako si ya leo.

Wakati ule nilikuwa na umri kama wako. Watu wa jiji hili la Johannesburg ndiyo kwanza walikuwa wanaacha kuuita mkoa wao Transvaal na kujifunza kuuita Gauteng, na wengi wao walikuwa wanasahau. Bibi yako, Bi Mize, mama yangu na mama wa mama yako, nilikuwa nimemleta kutoka Unguja kutibiwa moyo. Daktari akasema apasuliwe, tena mapema. Mama akasema hapana. Kisu hakukiogopa. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu duniani, Zeyana, aliyeolewa Omani zamani, na kwa miaka walikuwa wakizungumza kwa simu ya jirani yetu kule Unguja. Jirani akahama, Zeyana naye akahamia nyumba nyingine, wakapotezana. "Silali kwenye kitanda cha kupasuliwa mpaka nimsikie Zeyana," akasema, akageukia ukutani. Wewe bibi yako umemjua zaidi kwa hadithi. Mimi nilimjua akigeukia ukuta, na hapo hata daktari bingwa hana la kufanya.

Nikamuuliza Zeyana yuko wapi. "Sharqiya," akasema, kama mtu anayesema yuko jikoni. Na mimi nikatosheka! Sisi tumekulia kisiwani. Kwetu ukiambiwa mtu yuko Mkoa wa Kusini, unapanda gari asubuhi, unauliza Paje, unauliza Makunduchi, mchana unakula kwake. Nikadhani mikoa yote ya dunia ni kama ya Unguja. Kila niliyemjua mwenye ndugu Muskati nilimsumbua: mtafutieni Zeyana, Mzanzibari, yuko Sharqiya. Mmoja alicheka. Mwingine akaniuliza kwa upole kabisa, "Sharqiya sehemu gani, dada?" nikamkasirikia. Na mama huku pumzi inazidi kuwa fupi.

Ndiyo hali aliyonikuta nayo Bi Kidawa Ijumaa ile. Alikuwa mjane wa Kitanga, ameishi Omani na marehemu mumewe sehemu kubwa ya maisha yake, sasa anakaa na mwanawe mtaa wa Jeppestown na kila Ijumaa anakuja kuswali Mayfair. Nilimweleza yote nikitegemea pole. Sikuipata.

"Wewe binti una akili kweli? Mtu akikwambia ndugu yake yuko Gauteng, utamtafuta wapi? Soweto? Pretoria? Utasimama kwenye roboti, kwenye taa za barabarani, upige kelele?"

Nikajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Sharqiya ina bahari, ina milima, ina jangwa. Mkoa una wilaya zake, kila wilaya ina liwali wake, na chini ya liwali kuna vijiji. Huwezi kubisha hodi Sharqiya. Inuka, unipeleke kwa mama yako."

Masikio yalikuwa yananiwaka, lakini nilimpenda palepale.

Alipofika hakumuuliza mama jina la wilaya. Alijua mama halijui, na mgonjwa ukimuuliza asichokijua unamwongezea ugonjwa. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Dada, hebu niambie, huyu Zeyana alikuwa akilalamikia nini?"

Mama akageuka. Tangu daktari atoe neno lake alikuwa hajageuka kwa mtu.

"Mchanga!" akasema. "Kila nikimsikia ni mchanga. Mchanga mwekundu, unaingia mpaka kwenye sufuria ya mchuzi."

"Na samaki je, alikuwa anapata?"

"Wa barafu. Anawalilia wa Unguja."

"Basi bahari iko mbali naye. Tuiache Sur, ule mji wa pwani. Na vitambaa vyake ananunua wapi?"

Mama akacheka, wallahi, akacheka. "Ana soko lake la Jumatano, la wanawake watupu, mwanamume haingii. Siku hiyo nyumbani kwake hapapikwi. Wanajazana garini na wenziwe asubuhi, wanarudi jua limeshakuwa kali."

Bi Kidawa akapiga mapaja yake. "Soko hilo liko Ibra. Nimeuza mimi hina pale. Na anayelifuata kwa gari si mtu wa Ibra mjini. Mchanga mwekundu mpaka jikoni, na Ibra si mbali: mdogo wako, dada, yuko wilaya ya Bidiya."

Mama akakaa kitako akaomba uji.

Simu yetu ya nyumbani ilikuwa ya kupokea tu, basi tukashuka kwenye duka la simu la Msomali, chini ya nyumba yetu. Bi Kidawa alikuwa na wifi yake kule Ibra. Simu ikapokelewa, na yeye akaanza: habari yako, habari ya wazee, mvua imenyesha, mitende imezaa, nani ameolewa, nani amejifungua. Kiarabu changu ni cha kuswalia, lakini niliona wazi bado hajalifikia jambo letu. Nilimvuta baibui nikamnong'oneza, "Mwambie basi!" Akanipiga kofi la mkono bila hata kunitazama. Baadaye akanieleza: wale watu mgeni hupewa kwanza kahawa na tende, kisha huulizwa habari, na haja yake huja mwisho. Ukitanguliza haja watakusaidia, lakini watakusaidia kama mtu wasiyemjua. Yeye alitaka wifi yake aamke Jumatano na jambo la Zeyana kama jambo lake mwenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumatano ile wifi alipita sokoni kutoka meza hadi meza, kwa wauza mitandio na wauza ubani, akiwauliza wanawake wa Bidiya. Mmoja akacheka, akasema, "Zeyana Mzanzibari? Huyo yuko kijijini kwetu Hawiya, ananuna hivi hivi kwa ajili ya samaki." Mwanangu, kuna vicheko ninavyoshukuru mpaka leo, na hicho ni kimoja, ingawa sikukisikia kwa masikio yangu.

Wifi akamfikishia Zeyana namba yetu, na simu ikalia nyumbani. Mama akaishika kwa mikono miwili. Walilia kwanza, wakatukanana kidogo kama dada wanavyotukanana, kisha nikasikia sauti ya Zeyana inauliza, "Dada, sasa wewe uko wapi?"

Na mama yangu, aliyekuwa akiniambia Sharqiya na kunyamaza, akajiweka sawa kwenye mto. "Niko Afrika Kusini," akasema. "Mkoa wa Gauteng. Jiji la Johannesburg. Mtaa wa Mayfair. Juu ya duka la Msomali, mlango wa kijani. Umenisikia? Wa kijani."

Akapasuliwa, akapona, akatusumbua miaka mingine mingi, alhamdulillahi. Na Zeyana alipokuja kumtazama, ndege ilifika mapema, sisi bado tunajiandaa kwenda kumpokea. Hakupotea wala hakutusubiri. Alipanda ngazi na mikoba yake akabisha hodi kwenye mlango wa kijani. Mama ndiye aliyemfungulia.

Siku hizi Sharqiya imegawanywa, kuna ya Kaskazini na ya Kusini, na Bidiya na Ibra zimeangukia Kaskazini. Serikali zina kazi zao. Kijiji cha Hawiya hakikuhama hata hatua, na nyumba hii haikuhama Transvaal ilipoondoka. Bi Kidawa tulimzika hapa hapa Johannesburg, na hakuna Ijumaa ninayotoka msikitini bila kumwombea. Nilimlilia nikitaka pole, yeye akanirudishia mama yangu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, Rahma. Dhofar ni kubwa kuliko mikoa yote ya nchi ile. Ina Salala penye minazi kama kwetu, ina Mirbat ufukweni, ina Thumrait jangwani, na jangwa halina wa kumuuliza. Kabla hujapanda ndege ujue wilaya, ujue kijiji, ujue mlango. Ukifika, kunywa kahawa yao na uulize habari zao kabla ya kusema haja yako. Na ukiulizwa wewe ni wa wapi, usijibu Afrika ukanyamaza. Anza juu ushuke mpaka mlangoni, ili anayekupenda aweze kukufikia.

Nenda, mwanangu, nimekuridhia. Mola akutangulizie watu wa aina ya Bi Kidawa kila utakapokwama, akulinde na jua na mchanga, akurudishe ukiwa mzima. Mlango wetu unaujua. Bado ni wa kijani.