Nyuzi Tatu za Shaba

Siku ile rafiki yangu Ochan aliponiambia niweke waya mahali pa fyuzi, nilipaswa kusema hapana. Neno hilo nililisema mara nyingi kwa watu wengine: kwa wateja wenye haraka, kwa wakubwa wenye magari ya serikali, hata kwa mchungaji wetu. Kwa Ochan sikulisema. Ndiyo maana leo nakusimulia jambo ambalo ukinicheka sitakulaumu, maana hata mimi ningecheka kama ningelisikia kwa mtu. Lakini lilitokea. Lilitokea mchana, saa tisa, na sikuwa nimeonja pombe. Alama ya moto iko hapa, kwenye kidole gumba na kidole cha pili cha mkono wa kushoto. Haijatoka.

Nilikuwa fundi wa umeme wa magari. Gereji yangu ilikuwa Kamwokya, hapa Kampala, nyuma ya soko, banda la mabati na uwanja wa kutosha magari manne. Ochan na mimi tulizaliwa kambini Mbuya, baba zetu wote wawili askari kutoka kaskazini. Tulikula sahani moja, tukachapwa na mwalimu mmoja, na Kiswahili tunachozungumza mpaka leo ni kile cha kambini. Mimi nikaingia kwenye nyaya, yeye akaingia kwenye kununua na kuuza magari. Watu wakimuuliza kama gari lina tatizo la umeme, alikuwa anajibu kwa kutaja jina langu.

Basi siku hiyo alikuja na van ya familia, ile ya viti saba yenye mlango wa kuvuta pembeni. Fyuzi ya taa za ndani ilikuwa inaungua. Unaweka mpya, unavuta mlango mara mbili tatu, inaungua tena. Nikamwambia ugonjwa uko mlangoni. Nyaya zinazoingia kwenye mlango wa kuvuta hupinda kila unapofunguliwa na kufungwa, na baada ya miaka ganda lake huchubuka. Shaba ikigusa bodi, umeme wote unapita hapo. Lazima nifungue paneli, ninyanyue zulia, nifuate waya mpaka nione mahali palipochubuka. Kazi ya siku nzima.

"Siku nzima?" Ochan akasema. "Wewe mzee, unataka kuoa hii gari?"

"Nataka kuitengeneza."

"Tengeneza kesho. Leo funga waya tu inifikishe nyumbani. Kesho asubuhi nakurudishia."

"Ochan, mimi sifungi waya."

"Banange! Na mimi ni nani? Ni mteja? Mama yangu hakukupa uji?"

Tulicheka. Unaona jinsi mtu anavyoshikwa? Kama angenigombeza ningekataa.

Nikueleze kidogo, maana usipolijua hili hutaelewa nilichofanya. Fyuzi ni kitu kidogo kilichowekwa kife kwanza. Umeme ukizidi, uzi wake mwembamba unakatika, na waya mrefu uliojificha chini ya zulia unabaki salama. Ukifunga shaba mahali pake, umeondoa kile kilichotakiwa kufa. Sasa kitakachoungua ni kingine. Pale mtaani kwetu mafundi wengi wanafanya hivyo. Mimi nilikuwa najivunia kwamba sifanyi.

Nilichukua kipande cha waya, nikatoa nyuzi tatu za shaba, nikazisokota. Nazisokota kwa kushoto kwa sababu mkono wangu ndio huo. Nikazizungusha kwenye miguu ya fyuzi iliyoungua, nikairudisha kwenye boksi lake chini ya usukani. Taa ikawaka. Ochan akanipiga begani, akaondoka.

Kesho yake hakuja. Siku ya tatu nikampigia simu. Akasema gari ameipeleka kijijini, iko sawa kabisa, akirudi ataileta. Nikasema kale, sawa. Sasa niambie, kama ulikuwa umeweka kitu kama hicho kwenye gari la mtu, ungesema sawa? Mimi nilisema. Nikaendelea na kazi, na kwa wiki kadhaa sikuliwaza tena.

Halafu ikaja ile alasiri ya mvua.

Mvua ya Kampala unaijua, inavyofanya mchana uwe kama jioni. Watu wote walikuwa wamekimbilia sokoni. Nilikuwa peke yangu bandani, nakunywa chai, nikaona ile van uwanjani. Sikuisikia ikiingia. Nikajiambia ni kelele za mvua kwenye mabati. Nilifurahi hata, nikasema moyoni, Ochan ameleta gari.

Nikajifunika gunia, nikaenda. Kiti cha dereva hakikuwa na mtu. Kwenye kiti cha katikati, karibu na mlango wa kuvuta, alikaa mama mmoja wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitenge cha rangi ya chungwa, kichwa kimeegemea kioo kama mtu aliyetoka usingizini. Taa ya juu yake ilikuwa inawaka.

"Jambo, papa," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, cha upande wa Bukavu.

"Jambo, mama. Dereva yuko wapi?"

"Ameenda kutafuta maji ya kunywa. Papa, hii taa haizimake. Hata tukifunga mulango haizimake. Minaomba unizimie, nilale."

Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyechoka. Sikuogopa. Nikafanya kile ambacho fundi yeyote hufanya, nikafungua boneti ili nichomoe waya wa betri kabla ya kugusa chochote.

Hapakuwa na betri.

Niamini. Sahani ya kuiwekea ilikuwa tupu, maji ya mvua yametuama ndani yake, na nyaya mbili nene zimening'inia bila kushika kitu. Niliinua kichwa nikatazama ndani kupitia kioo. Taa inawaka. Nilikuwa na taa yangu ya kupimia mfukoni, niliyoitengeneza mwenyewe nikiwa kijana: kibalbu kidogo, waya wenye kibanio, na sindano. Kibanio unakishikisha kwenye bodi, sindano unagusa waya. Umeme ukiwepo kibalbu kinawaka. Nikagusa ule waya unaoning'inia. Kikawaka, tena kwa nguvu.

Miaka arobaini nimefanya kazi hiyo. Umeme una mahali unapotoka. Ule ulikuwa unatoka wapi?

Nikaenda kwenye mlango wa dereva. Nikafungua boksi la fyuzi. Nikaziona nyuzi zangu tatu, nyeusi sasa, zimesokotwa kwa kushoto.

"Papa," yule mama akasema nyuma yangu, "ni nani alitiaka ile waya?"

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na mara hii Ochan hakuwepo wa kulaumiwa. Nilijua nimeulizwa nini. Nilijua jibu. Nikasema, "Sijui, mama. Si mimi. Ni mafundi wa barabarani."

Kisha akasema, bila hasira, "Mwenye alituuzia alisema fundi wake ni rafiki yake wa utoto. Alisema kazi yake haina makosa. Ndiyo tulinunua."

Nikaichomoa ile fyuzi kwa vidole. Ilikuwa ya moto kama kaa la jikoni. Nilipiga kelele, nikafumba macho, nikakunja ngumi kwa maumivu. Nilipofumbua, nilikuwa nimeinama katikati ya uwanja mtupu, mvua inanipiga mgongoni, hakuna gari, hakuna mama. Fyuzi ilikuwa ndani ya ngumi yangu.

Kesho yake nilimfuata Ochan nyumbani kwake Mbuya. Alikuwa anakunywa chai barazani. Sikumsalimia. Niliweka ile fyuzi mezani mbele yake.

Aliitazama. "Umeitoa wapi hii?"

"Gari iko wapi, Ochan?"

"Si nilikwambia kijijini?"

"Ochan."

Akasukuma kikombe. "Niliuza. Jioni ile ile. Kwa Wakongomani, wanakaa Kisugu. Mteja alikuwa ananingoja, ungetaka nifanye nini?"

"Nitaenda kuwaona."

"Usiende huko!" Akasimama. "Watu wamefiwa, wewe. Gari iliungua. Wiki ya pili sasa."

Wiki ya pili. Alijua siku zote hizo. Alikuwa amepita gereji kwangu mara mbili ndani ya siku hizo, akala ndizi zangu za kuchoma, akanitania juu ya mvi zangu.

"Na wewe uliwaambia nini?" nikamuuliza.

Hakunitazama. "Niliwaambia gari ilipita kwa fundi. Kwamba fundi alinihakikishia iko mzuri. Mwenyekiti wa mtaa aliandika, mimi nikatia sahihi. Sasa ningesema nini, ndugu yangu? Mimi najua nyaya?"

Aliniita ndugu yangu. Aliniuza kama alivyouza lile gari, na akaniita ndugu.

Nilikwenda Kisugu. Mume wa yule mama ni mtu wa kuuza viatu, bado kijana. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaniita papa kabla hajajua mimi ni nani. Ukutani palikuwa na picha ya mkewe. Kitenge kilikuwa kile kile cha rangi ya chungwa. Akanisimulia: walisimama njiani, mkewe amelala nyuma, yeye akashuka kutafuta maji ya kunywa. Moshi ulitoka chini ya zulia ukamkuta mkewe usingizini. Aliporudi, mlango wa pembeni ulikataa kufunguka.

Nikatoa fyuzi. Nikamwambia kila kitu, yaani waya, jina langu, mkono wangu wa kushoto, na kwamba nilijua. Nilimwambia pia kwamba mkewe alikuja kuniuliza nami nikakana. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliigeuza ile fyuzi mkononi muda mrefu.

"Alikuwa anasema kila siku taa haizimake," akasema. "Alisema twende tuulize fundi. Mimi nilimwambia fundi ni muzuri." Akanirudishia. "Mie sasa unaniambia ya nini, papa? Yeye ndiye alitakaka kujua."

Niliitia fyuzi mfukoni, nikaondoka.

Nilipoanza kazi tena, nilishika taa yangu ya kupimia, nikagusa waya wa gari lililozimwa. Ikawaka. Nikachomoa betri, ikawaka. Nikagusa ubao mkavu wa meza, ikawaka. Nikanunua nyingine, mpya, ikawaka vile vile. Fundi wa banda la pili akiichukua inafanya kazi yake kama kawaida. Ikirudi mkononi mwangu haizimiki. Fundi wa umeme anapata ugonjwa kwa kuona wapi umeme upo na wapi haupo. Mimi kila mahali upo. Hakuna gari ninaloweza kulitengeneza. Banda nimelifunga.

Wewe mwenye gari, usikubali fundi akufungie waya mahali pa fyuzi, hata kwa siku moja, hata akiwa rafiki yako. Fungua lile boksi uangalie mwenyewe. Na wewe fundi, rafiki akikuomba hivyo huku anacheka, mtazame vizuri usoni, maana jina lake halitakuwa kwenye ule waya. Na ukiulizwa ni nani aliuweka, jibu hapo hapo.

Ochan bado anauza magari. Tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Mimi nilipoteza kazi yangu na mtu niliyekula naye sahani moja. Lakini hayo ni yangu, nimeyazoea. Neno moja, hapana, ambalo sikumwambia Ochan, lilimuua mama mmoja aliyekuwa amelala, na aliponijia kuuliza, nilimdanganya.