Mwalimu wa Karate Aliyetoka Tegeta

Nyie vijana mtakaosoma haya, mkisema bibi anashuku kila mtu, semeni tu. Mie sikusoma sana, lakini kuuliza najua.

Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoachiwa afanye biashara yake, kijana mmoja alikodi ghala tupu hapa kwetu Temeke, akaanza kufundisha watoto karate. Mjukuu wangu wa kike akajiunga. Mwalimu alikuwa na shikamoo kwa kila mzee, mtaa mzima ukampenda. Ila akifundisha alifunga mlango, eti watu wasiibe mbinu.

Nikamuuliza kabla ya hapa alifundisha wapi. "Tegeta, mama," akajibu, akageuza mazungumzo.

Nikaenda Tegeta. Bombani nikawauliza akina mama habari za mwalimu wa karate. Mmoja akatua ndoo, akasema, "Bado anafunga mlango? Wa kwangu alimbakiza peke yake humo ndani. Mpaka leo mtoto hataki kuguswa."

Na siku hiyo ilikuwa ya mazoezi! Nilirudi mbio. Mlango nikaukuta umefungwa, nikaugonga kwa jiwe mpaka akafungua. "Vipi mama, na wewe unataka mkanda mweusi?" akatania. Nikampita, nikaingia. Watoto wote walikuwamo, wangu mzima. Nikawatoa wote, nikaenda kuwaambia wazazi wao.

Jioni nikawaambia watu wangu: "Mtu akitaka kumfundisha mtoto wa nyumba hii, iwe ngumi au Kurani, kwanza mniambie alikotoka nikaulize. Kama sijarudi, mtoto asitoke."