Nywele Zilizolowa Bila Kuogelea

Naikumbuka siku ile kwa nywele zangu, mwanangu. Nilikuwa nimesuka twende kilioni, zinachuruzika maji mpaka mgongoni, blauzi imelowa, naingia ofisini saa nane mchana kwa maringo, na wenzangu wananipigia makofi. "Tatu wetu huyo! Katoka kuogelea!" Nikacheka, nikawapungia mkono, nikaketi kwenye taipureta yangu. Bwawani nilikuwa nimetoka kweli. Kuogelea, sikuwa nimeogelea hata hatua moja.

Ngoja nikueleze taratibu. Juzi ulipokuja hapa kwangu, mtaani Picha ya Ndege, na lile tangazo kwenye simu yako, nilifurahi mpaka nikasahau chai jikoni ikafurika. Mashindano ya michezo mitatu! Kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, vyote kwa mkupuo mmoja. Nyinyi mnayaita traiathloni. Sisi hatukuwa na jina hilo, tulisema tu "yale matatu". Unaniuliza uingie au usiingie, nawe hujawahi kuingia hata mara moja, na majina yanafungwa Ijumaa. Zuhura, mtoto wa mdogo wangu, mimi miaka sitini nimeshaivuka na magoti yananisema kila nikiinuka, lakini mwili wote ulinisisimka kana kwamba ninayeitwa ni mimi. Kabla sijakujibu, nataka ujue nilivyoyaingia ya kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sawa na wewe leo. Nilikuwa nimetoka kwetu Msimbu, nimekuja Kibaha kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Ofisi ile ilijaa watu wa bara, Wachaga, Wasukuma, Wahaya, na mwenyeji wa Mkoa wa Pwani nilikuwa peke yangu. Siku moja likabandikwa tangazo ukutani: watumishi wanaotaka, wake kwa waume, wataogelea bwawa la chuo mara sita, watapanda baiskeli mpaka Kisarawe, halafu watakimbia kilima cha kuingilia mjini mpaka uwanjani. Nililisoma mara tatu. Baiskeli? Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nikipeleka mananasi ya mama sokoni Kisarawe kwa baiskeli ya baba, tenga zima kwenye keria, miguu yangu haifiki chini. Kukimbia? Mtoto gani wa Msimbu asiyejua kukimbia! Niliona kabisa kwamba mashindano haya yametungwa kwa ajili yangu.

Aliyekuwa akiandika majina ni Kabula, katibu wetu wa michezo, dada mmoja mrefu wa Kisukuma aliyezaliwa kandokando ya ziwa, tuliyekaa naye meza moja. Alimuuliza kila mtu swali lilelile, na aliponifikia akauliza, "Kuogelea unajua?" Kabla sijafungua mdomo, bosi wetu, Bwana Massawe wa Moshi, akadakia kutoka mlangoni:

"Kabula nawe! Unamuuliza mtu wa Pwani? Huyo kazaliwa majini."

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nikasema, "Ndiyo, najua."

Mwanangu, Msimbu unaijua. Bahari iko wapi pale? Sisi ni watu wa mihogo na mikorosho, na maji niliyoyajua mimi yalikuwa ya ndoo, tena juu ya kichwa. Lakini ningewaambiaje? Nilikuwa mgeni kazini, mdogo kuliko wote, na ndiyo kwanza wakubwa wale walikuwa wameniona. Kuanzia siku ile wakaniita Mtu wa Pwani, na jina nikalipenda sana. Ukipewa sifa usiyokuwa nayo, inakuwa tamu kuliko ile uliyoitolea jasho. Usinitazame hivyo, na wewe unajua.

Zilibaki wiki tano. Kila jioni nilikuwa barabarani na baiskeli niliyoazima, kutoka Maili Moja kushuka, naimba peke yangu kama mwendawazimu. Alfajiri nakimbia. Wenzangu wakienda bwawani baada ya kazi, mimi nasema napenda kwenda peke yangu saa saba, wakati wa chakula. Nikifika, naenda moja kwa moja kwenye bomba lililokuwa ukutani, naingiza kichwa, nalowesha nywele vizuri, nakamua kidogo, narudi ofisini. Wiki mbili nzima! Siku hizi nikikumbuka nacheka mpaka natoa machozi, lakini wakati ule nilikuwa nalala na hofu. Mara sita kuvuka bwawa, na upande wa pili wa bwawa lile kina chake kilinipita kimo.

Bwawa lilikuwa na mwangalizi, Mzee Kondo, Mzaramo mwenzangu, mtu wa maneno machache, na redio yake ndogo haikuzimwa. Siku ya kumi nilipoinua kichwa kutoka bombani nikamkuta amesimama nyuma yangu na taulo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Binti, nywele hizi umeziogesha tangu wiki iliyopita. Mwenyewe utaingia lini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kubabaika, mara mafua, mara kichwa kinauma. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza kama naogopa maji, nami kwa ubishi wangu nikajibu kwamba siogopi.

"Mimi nayaogopa," akasema. "Miaka yote niliyokaa hapa nayaogopa, ndiyo maana sijapoteza mtu. Wewe unaogopa kuchekwa, halafu uko tayari kuzama. Sasa nenda kamwambie aliyeandika jina lako. Leo. Usipomwambia, kesho nitakwenda mwenyewe, na jina nitalifuta."

Alinipa taulo akarudi kwenye kigoda chake. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudi ofisini nikiwa na hasira, nikimwita kila jina baya njiani. Yeye nani, anifutie jina? Mashindano nilikuwa nayataka, Zuhura! Nilikuwa naota kile kilima cha Kisarawe, naota mama yangu ananiona napita. Karibu na mlango wa ofisi hasira zikaniishia, ikabaki ile hofu tu, na nikajua mzee kasema kweli.

Nikamvuta Kabula nje, uani. Nikamwambia, "Dada, mimi kuogelea sijui." Akanitazama usoni, akatazama nywele.

"Hee! Tatu! Sasa haya maji?"

"Ya bomba."

Mwanangu, dada yule alicheka akakaa chini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilidhani ataita ofisi nzima. Alipopata pumzi akafuta macho, akachukua daftari lake, akakata lile "Ndiyo" kwa kalamu nyekundu na juu yake akaandika "Anajifunza". Basi. Jambo lililonikosesha usingizi wiki mbili lilimalizika kwa mstari mmoja wa kalamu. "Kesho jioni saa kumi na moja uje na kaptula ndefu na fulana," akasema. "Lakini Mzee Kondo ndiye atakayeamua uingie au usiingie. Mimi hapo simo."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Siku ya kwanza sikufanya lolote ila kushika ukingo na kupuliza mapovu ndani ya maji, mtu mzima na ajira yangu, huku watoto wa walimu wa chuo wanapita chini yangu. Siku ya pili hivyohivyo. Kabula alikuwa ananiwekea mkono chini ya tumbo, anafoka, "Legea! Umekakamaa kama ubao wa kufulia!" Siku ya tano nikasikia maji yananibeba. Nikageuza macho nikamwona Kabula amesimama mbali, mikono yote miwili kiunoni. Alikuwa ameniachia zamani! Nikapiga kelele za furaha, maji yakaniingia puani, nikakohoa robo saa. Furaha ile sijapata nyingine kama hiyo, na nimeolewa na nimezaa.

Alhamisi kabla ya mashindano Mzee Kondo alizima redio. Akaniambia nivuke mara sita mbele yake. Mara tatu nilivuka. Ya nne mikono ikawa mizito, pumzi ikakata, nikaukamata ukingo nikaanza kulia, maana nilijua nimeshindwa.

"Unalia nini?" akauliza. "Pumzika, uendelee."

"Kwani kushika ukingo kunaruhusiwa?"

"Kanuni hiyo ilisomwa siku ya kwanza, kwenu hukohuko ofisini. Anayechoka ashike, avute pumzi, aendelee. Wewe hukusikia, ulikuwa unashughulika na u-Pwani wako."

Nikapumzika, nikaendelea. Nikamaliza zote sita. Mzee Kondo akawasha redio yake, na hilo ndilo lililokuwa jibu.

Siku yenyewe sasa, Zuhura! Tulisimama ukingoni watu zaidi ya thelathini, filimbi ikalia, maji yakachafuka, teke huku, kiwiko kule. Safari ya tatu nikachoka, nikafika ukingoni, nikashika. Nikasikia mtu anahema pembeni yangu. Nageuka, ni Bwana Massawe, ameukumbatia ukingo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Tukatazamana.

"Tatu," akasema, "Moshi hakuna bahari."

"Msimbu pia hakuna, Bosi."

Akacheka mpaka akameza maji. Kumbe mtu mzima yule, na cheo chake, alikuwa amebeba mzigo uleule, na ile dhihaka yake ya mlangoni alikuwa anajificha nyuma yake. Tukaachia ukingo pamoja tukaendelea. Nilitoka majini wa pili kutoka mwisho.

Lakini baiskeli sasa! Nilirukia juu na nguo zangu zinazochuruzika, nikashika lami, kisha tukakata njia ya vumbi ya kwenda Kisarawe, na vumbi lile likanigandia mwili mzima. Nikampita mtu mmoja. Nikawapita wawili. Wale vijana wa ofisi nyingine waliotoka majini wanachekelea niliwakuta wanasukuma baiskeli kwenye mchanga, nami mchanga ule nilikuwa naujua tangu nikiwa na tenga. Karibu na soko, chini ya kilima, nikasikia sauti ya mama yangu imepasua umati: "Tatu! Matope yote hayo umeyatoa wapi na mvua haijanyesha?" Niliteremka kwenye baiskeli nikaanza kukimbia, na miguu ilikuwa haitaki kunitambua, inakwenda inakotaka. Nilikipanda kilima kile nikicheka na kulia. Nilikuwa wa tisa. Kabula alikuwa wa pili, na alikuwa ananingoja mstarini, akanikumbatia na matope yangu yote.

Basi nakuja kwako, mwanangu. Juzi ulikaa kwenye kochi hili saa nzima. Ukanieleza viatu, ukanieleza gia za baiskeli ya rafiki yako, ukanieleza unavyokimbia kila asubuhi kabla hujaenda dukani Maili Moja. Nilipokuuliza maji, ulisema, "Hayo yatajulikana hukohuko, Mama Mkubwa," ukageukia simu. Sauti ile niliitambua. Ni yangu.

Hayatajulikana hukohuko. Maji yajulikane kesho. Swali lako la kuingia au kutoingia mimi siwezi kulijibu nikiwa kwenye kochi, na wewe huwezi kulijibu ukiwa unakwepa. Jiandikishe, kwa sababu nimeona macho yako yanavyowaka na sitaki miaka hii ikupite ukiwa unatazama wengine. Ila siku unayojiandikisha, palepale, mwambie anayeandika kwamba kuogelea hujui. Tafuta anayejua kuliko wewe akushike tumbo. Mazoezi mengi yatie kwenye lile unaloliona aibu, hayo mengine mwili wako unayajua tayari. Uliza kila kanuni hata kama swali linaonekana la kijinga. Anayeanza ana haki ya kupumzika, na kiburi chako peke yake ndicho kitakachokunyima haki hiyo. Na ikifika siku ya kupimwa, mwenye bwawa akakwambia mwaka huu bado, msikilize. Nenda kasimame njiani ugawie wenzio maji ya kunywa, ushangilie mpaka sauti ikauke, na mwakani urudi. Hakuna mashindano yenye thamani ya pumzi yako.

Mungu akupe watu wa kukuambia kweli na moyo wa kuisikia. Akulinde njiani, akutie nguvu kilimani, na siku hiyo ikifika, Zuhura mwanangu, akutoe majini ukiwa unacheka.