Mdogo wangu amepona, ila mdomo wangu unagoma kusema

Habari za humu ndani. Admin naomba unifiche, huku Tarime tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, naishi Nkende, kazi yangu ni kufundisha watu mazoezi ya viungo. Zamani nilikuwa winga, nimecheza ligi kuu. Niliumia goti, viongozi wakaniharakisha kurudi uwanjani, likaachia moja kwa moja. Sasa nakimbiza wamama wa madukani wanaotaka kupunguza tumbo na vijana wa machimbo wanaotaka vifua.

Nina mdogo wangu, tumbo moja. Mpira nilimfundisha mimi, kwetu Mbalibali, tukichunga. Leo ni winga wa timu ileile iliyoniacha, upande uleule. Zamani watu walimwita mdogo wake fulani. Siku hizi mimi ndiyo kaka yake fulani. Niliporudi nyumbani na magongo, baba aliniambia, "Mura, ng'ombe wapo," yaani kijana, rudi ukachunge. Dogo aliporudi anachechemea, baba alichinja mbuzi.

Alichanika msuli wa paja, timu ikakubali nimsimamie mazoezi mimi. Nimemhudumia kwa moyo, Mungu ananiona. Ila wiki hii nilimpeleka uwanja wa shule, akatoka na mbio ambazo hata mimi sikuwahi kuwa nazo. Watoto wakawa wanaimba jina lake. Nikajifanya naangalia saa. Akaja anahema, anacheka.

"Kaka, niko fiti?"

"Bado," nikamwambia. Na naona kabisa amepona.

Hakubisha. Akasema, "Ukisema bado, siendi. Wewe walikuharakisha, nilikuona ulivyolia."

Jamani, bora angenitukana.

Daktari wa timu naye amepiga. Wanasubiri neno langu tu, kama dogo hayuko tayari wanasajili mtu mwingine nafasi yake. Nikasingizia mtandao, nikasema nitampigia. Sijampigia mpaka leo.

Nampenda mdogo wangu, msinielewe vibaya. Lakini nikimwona kwenye ile jezi, kuna kitu ndani yangu kinatamani abaki tu hapa, tufanane.

Sasa hivi yuko uani anafua nguo za mazoezi, zake na zangu, anapiga mluzi. Simu ninayo mkononi. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini na huu moyo?