Daraja la Shaba

Likizo hii nimeiona damu ya kaka yangu mara mbili, na mara zote chanzo ni gitaa la umeme la bendi ya kijiji chetu, hapa jirani na Shelui. Mbele za watu maneno hunikwama, basi naandika.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye dansi ya mavuno, spika ikinguruma kwa betri ya lori. Kwenye gitaa kuna kipande cha chuma ambacho nyuzi hupita juu yake, karibu na mkono unaopiga. Wenyewe hukiita daraja. La kwetu lilishavunjika, wakaweka bati lililokunjwa. Uzi ukakatikia hapo, ukamchapa kaka, ambaye ndiye mpiga gitaa wao, chini ya jicho, damu ikaingia shatini. Utingo mmoja akarusha chupa, akamwambia, "Kapige zeze, ndugu yangu." Ngumi zikaanza. Mpiga ngoma aling'oka jino.

Kesho yake kaka akataka daraja libadilishwe. Mwimbaji wao akakataa: nyuzi mpya za dukani Nzega zinatosha, daraja hakuna mchezaji anayeliona. Tena ubovu uko kwenye vidole vya kaka, vilivyozoea kupalilia uwele. Wakacheka wote isipokuwa kaka.

Akaenda kukata koki ya shaba kwenye bomba la kijiji. Bomba lenyewe lilikuwa halijatoa hata tone tangu kiangazi kianze, lakini mali ya umma ni mali ya umma. Aliisugua kwa tupa nyuma ya zizi mpaka ikawa daraja.

Jumamosi akapiga. Zamani sauti ilikufa mara tu uzi ukiguswa. Sasa ilikaa, ikangoja inayofuata ije iipokee. Hakuna uzi uliokatika. Nilisimama gizani nikalia, sijui kwa nini.

Asubuhi mgambo wakakuta mabaki ya koki pale nyuma ya zizi. Wakamburuta kaka hadi ofisi ya kijiji, marungu yakimshukia njia nzima. Watu wakaja na fimbo za kuchungia. Akina mama wanaofuata maji mbali walikuwa wakali kuliko wanaume. Mgambo mmoja akaushika mkono wa kaka, akauweka juu ya jiwe.

"Tumvunje vidole," akasema, "tuone kesho atapiga na nini."

Baba akapenya katikati. "Ndugu mwenyekiti, huyu ni wangu. Nitampiga mwenyewe."

Mwenyekiti akakubali. Baba akamwangusha kaka kifudifudi, akamwinamia kama anayemkaba, akamnong'oneza kwa Kinyiramba aifiche mikono chini ya tumbo. Nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu. Kisha akapiga. Fimbo ya kwanza ikavunjika, akaomba nyingine. Mgongo ukafunguka, akaendelea, mpaka wale wale akina mama wakaanza kumsihi, "Basi, mzee. Inatosha."

Jioni nilimkanda kaka kwa maji ya chumvi. Nikamwuliza kama daraja lile lilikuwa na faida yoyote.

"Kwani hukusikia sauti ilivyokaa?"

Nikasema nilisikia. Na kweli nilisikia.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akasema gitaa lisitajwe tena nyumbani kwake. Halafu akaingia, akapiga magoti kando ya mkeka, akamwambia kaka akunje vidole, kimoja kimoja, avione.