Tanzia ya Mtu Anayekula Uji

Kuishi kwingi ni kuona mengi, mwanangu, lakini nakumbuka siku moja kuliko zote. Nilikuwa kijana, mgeni hapa ughaibuni, Grand Prairie, nikibeba maboksi ghalani na kutunga mashairi nikirudi nyumbani. Mama yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kutunga, alikuwa amepooza na hawezi kusema. Nilimlisha uji, nikamwogesha, ila moyoni nilikuwa nimeshamzika.

Baridi ilipoingia, mti mkubwa wa uani ukapukutika majani yote. Kwetu Muheza mti uliobaki fito ni kuni. Basi nikatunga shairi: mama na mti, wote wawili wamekwenda zao. Nililiona zuri, Mungu anisamehe, maana ujana hupenda kujisikiliza ukilia.

Mamdogo, mdogo wake mama, akaja kumjulia hali. Nikampa shairi alisome. Alipomaliza akanikazia macho.

"Nime-drive kutoka Stafford kuja kusoma tanzia ya mtu anayekula uji?"

Akanivuta hadi uani, akakwangua gome la ule mti kwa ukucha. Ndani palikuwa pabichi.

"Umelala tu huu. Haya, nenda kamsomee mwenyewe."

Nikasoma kando ya kitanda. Kidole cha mama kikaanza kugonga blanketi, mizani kwa mizani, vile alivyokuwa akinihesabia utotoni. Kwenye ubeti wa tatu kikasimama. Nikarudia mstari, kikasimama palepale. Kuhesabu, kumbe mstari umepungua mizani moja! Mama akanitazama kwa jicho lake la ualimu, nami nikacheka huku nalia. Tuliishi naye miaka mingine baada ya hapo, mimi natunga, yeye ananikosoa kwa kidole.

Nayasema haya kwa sababu nimekusikia ukimzungumzia babu yako, tangu apoteze kauli, mbele yake kana kwamba hayupo. Hujafa hujaumbika, mwanangu. Na haraka haina baraka, hata haraka ya kuomboleza. Ukitaka kutunga juu ya uhai, usiishie kwenye maua na mvua. Kaa na aliyenyamaza, mshike mkono, msomee, kisha subiri. Tanzia ina siku yake, haitakukimbia. Aliye hai mtungie angali hai, umpe nafasi ya kukukosoa.

Mungu akupe mkono mpole na sikio lenye subira. Na siku ulimi wako utakapokwama, akujalie mtu wa kukusomea. Amina.