Mshipa wa Haya

Makumbi yaliyooza yananuka vibaya, na mtu asiyezaliwa pwani akipita karibu na shimo lake hushika pua. Mimi harufu ile naipenda hata leo, na bado inaniliza. Kijijini kwetu Moa, miaka ya hamsini nilipokuwa mtoto, wanawake walifukia maganda ya nazi kwenye tope la ufukweni, wakayaacha yalainike, kisha wakayafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka yatoe nyuzi za kusokota kamba. Dada yangu Mwanaidi alikuwa na shimo lake mwenyewe. Alipoambiwa kwamba kesho yake anawekwa ndani kungojea harusi, alikimbilia kuyafukua makumbi yake, maana hakutaka kumwachia mtu jasho lake, na humo topeni akakanyaga kitu chenye ncha. Mama alimpaka manjano na mafuta ya nazi. Kidonda kilifunga upesi, nasi tukakisahau.

Basi akakaa ndani, chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa kanga. Somo yake alikuwa Bi Tatu, mwanamke mcheshi mwenye viganja vizito, na ndiye aliyemsinga mwili kwa liwa ya kunukia asubuhi na jioni mpaka harufu ya makumbi ikamtoka mwilini. Ndiye pia aliyemfunza adabu ya mwali: asiinue macho, asijibu wageni, asile mbele za watu. Kazi haikuwa ndogo. Mwanaidi alikuwa mcheka hovyo, mwenye neno kwa kila mtu. Na kwetu hali na tabia za mtu zilisemwa kwa mishipa yake. Mwenye hasira mishipa ya shingo ilimsimama, mwenye uchovu alichuliwa mishipa, na mwanamke asiyejali watu alisemwa kuwa amekatika mshipa wa haya. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha mama usingizi. Aliogopa binti yake angekuja kusemwa hivyo ukweni.

Siku wanawake wa upande wa bwana harusi walipokuja kutoka Horohoro kumtazama, Mwanaidi alikuwa ameanza kukataa uji tangu asubuhi. Bi Tatu alimsifu kwa hilo. Wageni walimkuta amekaa wima mkekani, shingo imenyooka, macho chini, midomo imebana, na pembeni mwa midomo kuna kitabasamu chembamba ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake. Walimsemesha, hakujibu. Walipopiga vigelegele, mwili wake wote ulishtuka.

"Alaa! Huyu mshipa wake wa haya mzima!" akasema shangazi wa bwana harusi. "Da mkubwa, umelea."

Mama alilia kwa furaha. Wakapiga vigelegele vingine, naye akashtuka tena, nao wakacheka na kuzidi kupiga ili wamwone akishtuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimejaa fahari na wivu. Nilitamani siku yangu nami ifike, nikae vile vile.

Wageni walipoondoka, mama aliingia na sahani ya kaimati, kitu alichokipenda Mwanaidi kuliko vyote. "Tumebaki wenyewe sasa, mwanangu. Kula. Umenipa heshima leo." Mwanaidi alimtazama. Machozi yakamtiririka, na kitabasamu kikabaki pale pale. Bi Tatu, aliyekuwa akikunja mikeka, aliacha kazi yake, akaja, akajaribu kupenyeza kidole kati ya meno. Meno hayakuachana.

"Mama we! Pepopunda!"

Ugonjwa ule waliujua. Hakuna mwanamke wa Moa ambaye hakuwahi kusikia au kuona mtoto mchanga akikakamaa nao. Mwanaidi angekuwa anasuka ukili wa mikeka barazani kama siku zote, angetambuliwa asubuhi ile ile, kwa sababu yeye kunyamaza ilikuwa habari ya kutangazwa kijiji kizima. Lakini mwali hunyamaza. Mwali hali. Kila dalili aliyoonyesha ilikuwa ni kitu alichofundishwa.

Walimpakia kwenye lori la mbata lililokuwa likienda Tanga, mama na Bi Tatu wakamshika huku na huku, na kila gurudumu lilipoingia shimoni mgongo wake ulipinda kama upinde. Hakufika hospitali. Walimrudisha kwa lori lile lile. Mikono iliyomsinga ndiyo iliyomwosha, na mama alisimulia mpaka uzee wake jinsi liwa ilivyokuwa bado imeganda nyuma ya masikio. Bi Tatu hakupokea mwali mwingine tena, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Siku hizi wajukuu zangu huchomwa sindano ya ugonjwa ule wangali wachanga, na maharusi hucheka na simu zao saluni wakipakwa rangi za kucha. Ninashukuru kwa yote mawili. Hata hivyo kila harusi ninayoalikwa, kabla ya kigelegele cha kwanza, naingia chumbani kwa bibi harusi na kaimati mkononi. Namwambia afungue kinywa mbele ya wakwe zake, atafune, kisha aniambie jina lake kwa sauti. Wengine hulalamikia rangi ya midomo. Nawasikia wakwe wakinong'ona nyuma yangu kwamba kizee hiki kimekatika mshipa wa haya. Nabaki nimekaa pale pale mpaka nimwone amemeza.